Mama, na Wewe Twende Mpirani

Siku mbili za familia Dar es Salaam kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe

Sisi akina mama wa Kibaha na Kisarawe tunaijua Dar es Salaam kwa upande wa shida. Tunakwenda Muhimbili mgonjwa akipewa rufaa. Tunakwenda Kariakoo kufuata bidhaa za duka, tukirudi miguu imevimba na kichwa kinagonga. Tunakwenda msibani, tunalala juu ya mkeka siku mbili, kisha tunarudi kuwahi kazi za nyumbani. Watoto wetu nao wanakua wakiuona mji huo kupitia dirisha la daladala tu, ingawa kutoka Maili Moja ni kama kilomita 40, na kutoka Kisarawe mjini ni karibu zaidi.

Baba naye anaijua Dar es Salaam nyingine. Timu yake inapocheza, utamwona amevaa jezi ya kijani au nyekundu tangu asubuhi. Anaondoka na rafiki zake kabla ya chakula cha mchana, anarudi usiku sauti imekauka. Mama anauliza, "Mmeshinda?" Anajibiwa neno moja, na mazungumzo yameishia hapo. Kesho yake wanakaa benchi moja kanisani, lakini kila mmoja ana lake moyoni.

Mpira wenyewe hauna ubaya. Ubaya huingia pale furaha ya nyumba inapokuwa fungu la mtu mmoja, na wengine wakabakiwa na kazi na kungoja. Kinyongo cha namna hiyo hakipigi kelele. Hukaa chini kama mchanga kwenye mtungi, na siku maji yakikorogwa ndipo kila mtu hushangaa umetoka wapi.

Katika makala hii tunapendekeza jambo ambalo familia nyingi za kipato cha kawaida zinaliweza zikijipanga: safari moja ya siku mbili, mke, mume na watoto, kwenda Dar es Salaam kuuona mji na kuutazama mpira uwanjani. Yule anayeweza kuifanya safari hiyo ifanikiwe ni wewe mama, kwa sababu ndiye unayejua kupanga.

Kulizungumza na baba

Usilianzishe jambo hili siku ya mchezo baba akiwa mlangoni. Wala usilianze kwa lawama za miaka iliyopita. Subiri jioni tulivu, watoto wamelala, umwambie kwa upole: "Baba Neema, mwezi ujao ukienda mpirani, twende sote. Asubuhi tuwaonyeshe watoto mji, jioni tukae na wewe uwanjani."

Wapo waume watakaocheka. Wengine watasema uwanjani si mahali pa mwanamke mwenye heshima. Mjibu kwa utaratibu kwamba siku hizi wanawake wengi hukaa viwanjani, na wapo wanaocheza. Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilicheza fainali za Afrika mwaka 2010, ikarudi tena kwenye fainali zilizofanyika Morocco mwaka 2025. Hapa nyumbani Kibaha, timu ya Mlandizi Queens ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza, msimu wa 2016/17. Mabinti wa Mlandizi waliwatangulia hata wale wa timu kubwa za mjini.

Mwombe pia akufundishe. Mwanamume mwenye kupenda mpira hufurahi kuulizwa. Kama hujawahi kuutazama, yatosha kujua machache: mchezo una dakika 90, nusu mbili za dakika 45, na katikati kuna mapumziko ya dakika 15. Jambo linalowatatiza wengi ni kuotea. Mchezaji akipigiwa pasi akiwa nusu ya wapinzani, akiwa mbele ya mpira, na mbele yake amebaki mpinzani mmoja tu, ambaye kwa kawaida ni golikipa, basi ameotea. Mwamuzi msaidizi atainua kibendera. Ukishalijua hilo, utafuata mchezo vizuri.

Kuchagua mchezo

Timu mbili zinazogawa nyumba za nchi hii ni Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland kwa miaka mingi hadi 1971. Zote ni watoto wa Kariakoo. Zinapokutana, mji mzima husimama. Ndiyo maana tunasema: siku hiyo isiwe ya kwanza kwa familia yenye watoto. Umati ni mkubwa, malango hujaa mapema, na hasira za walioshindwa haziko mbali.

Chagueni mchezo wa ligi ambao timu ya baba inacheza na timu ndogo ya mkoani, au mchezo wa timu ya taifa usio na presha kubwa, au mchezo wa wanawake. Uwanja wa Azam Complex ulioko Chamazi ni mdogo kuliko Uwanja wa Mkapa, na mtoto huwaona wachezaji kwa karibu zaidi.

Lakini kama watoto hawajawahi kuuona Uwanja wa Benjamin Mkapa, una mengi ya kuwaonyesha. Ulifunguliwa mwaka 2007 na huingiza watazamaji wapatao 60,000. Mwaka 2020, baada ya kifo cha Rais wa Awamu ya Tatu, Mzee Benjamin Mkapa, ulipewa jina lake. Brazil walicheza hapo na Taifa Stars Juni 2010 na kushinda 5 kwa 1. Agosti 2, 2025 hapo ndipo yalipofunguliwa mashindano ya CHAN, Taifa Stars wakiifunga Burkina Faso 2 kwa 0. Jirani yake uko Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mtoto aliyeusoma uhuru darasani atauelewa vizuri zaidi akisimama karibu na mahali ulipotangazwa.

Angalieni pia majira. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara hujaa maji na safari na watoto huwa adha. Likizo za shule ndizo bora, kama ratiba ya ligi inaruhusu. Tena ratiba hubadilika, hivyo msimwahidi mtoto tarehe kabla baba hajaithibitisha.

Fedha

Safari hii isiingie kwenye ada ya shule, wala kwenye akiba ya ugonjwa. Fedha yake itafutwe kando. Njia rahisi ni kibubu. Anza miezi mitatu au minne kabla. Weka chochote kinachobaki sokoni, na baba naye aweke sawasawa na ile ambayo angetumia mpirani peke yake. Akikubali kuiacha michezo miwili ya kwenda peke yake, amekwisha kulipia sehemu nzuri ya safari ya wote. Watoto nao wachangie kidogo, hata kwa kuuza embe au karanga, ili safari iwe yao pia. Haba na haba hujaza kibaba.

Andika mafungu haya kwenye karatasi: nauli ya kwenda na kurudi, nauli za ndani ya mji, kiingilio cha makumbusho, tiketi za uwanjani, chakula, malazi ya usiku mmoja, na sadaka ya Jumapili. Ongeza fungu la dharura ambalo halitaguswa. Uwanjani viti vya mzunguko ndivyo vya bei nafuu. Wale wa VIP wanalipia kivuli na kiti kizuri, lakini mpira ni ule ule. Kwa kuwa siku hizi tiketi hununuliwa kwa njia ya kielektroniki, baba azikate siku kadhaa kabla, aulize na utaratibu wa watoto. Msinunue tiketi kwa mtu anayezunguka nje ya lango.

Malazi ni mahali ambapo fedha nyingi huokolewa. Kama kuna shangazi au kaka mjini, mjulishe wiki mbili kabla, nawe usiende mikono mitupu. Fungu la mihogo ya Kisarawe au kuku wa kienyeji kutoka Kibaha ni heshima kubwa kwa mwenyeji wa mjini anayenunua kila kitu. Kama hakuna ndugu, ulizeni hosteli za makanisa kupitia mchungaji au paroko wenu. Nyingi ni safi, tulivu, na hazina kelele za baa.

Barabara mbili zinazoelekea mjini

Safari ianze kuwa somo tangu mlangoni. Wanaotoka Kibaha wanafuata Barabara ya Morogoro. Waonyesheni watoto Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mtapita Kibamba na Mbezi, ilipo stendi kuu ya mabasi ya mikoani, kisha Kimara na Ubungo.

Familia za upande wa Soga zina bahati ya treni. Reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Soga ni mojawapo ya vituo vyake. Ulizeni ratiba na nafasi mapema, kwani si kila treni husimama vituo vidogo. Kwa mtoto, treni ya umeme ni safari kamili hata kabla ya kufika mjini.

Wanaotoka Kisarawe wanashuka kupitia vilima vya Pugu, pembeni mwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Waambieni watoto kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha shuleni Pugu TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na kwamba mwaka 1955 aliacha kazi hiyo na mshahara wake ili aendelee na kazi ya kudai uhuru. Alikuwa baba mwenye watoto wadogo. Mama anayelisikia hilo atatafakari jambo moja zaidi: uamuzi ule ulibebwa pia na mke wake, Mama Maria. Kutoka Pugu mtapita Gongo la Mboto na uwanja wa ndege, mpaka Tazara.

Ondokeni alfajiri, saa 12. Kila saa mnayochelewa nyumbani mtailipa mara mbili kwenye foleni.

Jumamosi asubuhi: kuuona mji

Msijaribu kuona kila kitu. Watoto waliochoka hawajifunzi, na mama aliyechoka hafurahi. Mahali pawili kabla ya mchana panatosha.

Kwanza nendeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Yalifunguliwa mwaka 1940. Humo mtakuta habari za Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua mwaka 1959 fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mtaona pia habari za miji ya kale ya pwani, za utumwa, za ukoloni wa Wajerumani na Waingereza, na za uhuru. Lipo pia eneo la kuwakumbuka waliokufa katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Watoto watauliza maswali mengi, mengine magumu. Msiwanyamazishe. Jibuni mnayoyajua, na yale msiyoyajua andikeni kwenye daftari mwende kuyatafuta nyumbani.

Kisha tembeeni mpaka Sanamu ya Askari, katikati ya mji. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliweka hapo sanamu ya gavana wao, Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 ikawekwa hii ya askari Mwafrika, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita ile. Babu na mabibi wa watu wengi wa pwani waliishuhudia vita hiyo kama njaa na kama baba kuchukuliwa kubeba mizigo. Somo hilo ni zito, lakini mtoto wa miaka 10 analielewa akielezwa taratibu.

Kula mapema, kabla ya saa 7. Kama mmebeba chapati, mayai ya kuchemsha na machungwa kutoka nyumbani, tafuteni kivuli mle hapo. Hakuna aibu.

Jumamosi alasiri: uwanjani

Mchezo ukianza saa 10 jioni, muwe ndani ya uwanja kabla ya saa 9. Hili mama ulisimamie bila kuona haya, hata kama baba amezoea kuingia dakika za mwisho. Mei 28, 2023, kabla ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, watu walisongamana nje ya Uwanja wa Mkapa. Mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 waliumia. Walikuwa wamekwenda kufurahi kama ninyi. Hatari kubwa ya uwanjani iko langoni, pale wengi wanapotaka kuingia kwa wakati mmoja. Anayefika mapema huikwepa.

Kaeni upande wa mashabiki wa timu ya baba, au mahali palipochanganyika pasipo na ushabiki mkali. Msimvalishe mtoto jezi ya timu hii mkakaa kwa wenzao. Chagueni viti vilivyo karibu na ngazi lakini visivyo kwenye njia yenyewe, na kabla ya kukaa, waonyesheni watoto vyoo viko wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Mtoto mchanga aachwe kwa bibi yake, maana kelele na jua si vyake. Vyoo viendewe kabla ya mapumziko, wakati foleni bado ni fupi. Chupa na vitu vizito huweza kuzuiwa langoni, kwa hiyo mfuko uwe mwepesi: kofia, kanga moja, karatasi laini, na pesa ndogo ndogo za maji na karanga.

Halafu tazameni. Mtoto aliyezoea kuona mchezo kwenye kioo cha kibandani atashangaa jinsi uwanja ulivyo mpana, jinsi beki anavyomwita mwenzake kwa sauti, jinsi watu maelfu wanavyonyamaza kwa pamoja mpira ukiwekwa kwenye alama ya penalti. Nawe mama utamwona mume wako katika hali ambayo hujawahi kuiona. Utamwona anavyowaeleza watoto, anavyomnyanyua mdogo aone, anavyokugeukia wewe kwanza bao likifungwa. Huo ndio upande wake ambao kwa miaka yote rafiki zake ndio walioufaidi.

Lugha ya uwanjani si safi nyakati zote. Jirani akitukana, msianzishe ugomvi naye. Baba amwambie kwa adabu, "Kaka, tuko na watoto," na mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, hameni viti. Mkirudi waulizeni watoto wanaonaje mtu mzima anayemtukana mwamuzi, mtasikia majibu ya kuwashangaza.

Funzo la Yerusalemu

Biblia inatueleza safari ya familia moja kwenda mjini kwenye sherehe kubwa. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu na mtoto wa miaka 12. Wakati wa kurudi walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yuko kwenye msafara. Walipomtafuta kwa ndugu na rafiki hawakumkuta, wakarudi, na ilichukua siku tatu kumpata hekaluni. Walikuwa wazazi wema na waangalifu. Lakini katika umati, ni rahisi kila mmoja kudhani mtoto yuko kwa mwingine.

Kwa hiyo gaweni watoto kabla ya kufika langoni. Mama ataje kwa sauti, "Mimi nina Neema na Yohana," baba naye aseme, "Mimi nina Baraka." Kuanzia hapo mpaka mtakapofika mlipolala, kila mmoja anawajibika kwa aliyemtaja. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba za simu za wazazi wote wawili. Akipotea, asitembee kutafuta. Asimame hapo hapo, au amwendee askari au mama mwenye watoto. Chagueni pia mahali pa kukutana nje ya uwanja endapo mtapoteana.

Mchezo ukiisha, bakini mmekaa dakika 20 au 30, uwanja upungue. Hesabu watoto, kisha mtoke. Msiende moja kwa moja kutafuta daladala za kurudi Kibaha au Kisarawe usiku huo. Ndiyo sababu safari hii ni ya siku mbili: vituo vya magari baada ya mchezo ni vurugu, na hapo ndipo wezi wa simu hufanya kazi yao.

Jumapili: ibada na bahari

Asubuhi nendeni ibadani mjini. Walutheri wana Kanisa Kuu la Azania Front, na Wakatoliki wana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Yote mawili yanatazama bandari. Mtoto aliyezoea kanisa dogo la mtaani atajua kwamba watu wanaosali sala zile zile ni wengi kuliko alivyodhani.

Baada ya ibada tembeeni ufukweni mwa Kivukoni. Waambieni watoto kwamba hapa palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima, mpaka Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji miaka ya 1860. Mnaweza kupanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi. Ni safari ya dakika chache na nauli yake ni ndogo, na mtoto ataona meli kubwa kwa karibu. Shikeni mikono wakati wa kupanda na kushuka, maana watu hukimbia. Familia inayopenda utulivu inaweza badala yake kwenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, zilikojengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Watoto wa Kisarawe waitafute nyumba ya Wazaramo, wailinganishe na ile ya bibi yao.

Saa 8 mchana anzeni safari ya kurudi, ili jua likizama muwe nyumbani. Kesho yake ni shule na kazi.

Kama Dar bado ni ghali

Yapo majira ambayo kibubu hakijai. Mgonjwa amelazwa, mvua imegoma, duka limelala. Msiiache furaha ya pamoja kwa sababu hiyo. Mlandizi kuna Uwanja wa Mabatini, ambako Ruvu Shooting ilikuwa ikicheza michezo ya ligi kuu ya nyumbani. Kila kata ina kiwanja chake na vijana wanaocheza jioni. Wa Kisarawe wanaweza kutembea asubuhi pembeni mwa msitu wa Pugu na jioni wakatazama mechi ya mtaani. Wa Kibaha waende na watoto hadi Mkuza, wawaonyeshe shule zilizoanzishwa na mwanariadha Filbert Bayi, Mtanzania ambaye mwaka 1974 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand. Mtoto akilijua hilo atawaza yake.

La muhimu ni kwenda pamoja. Mume akikuzoea ukiwa umekaa karibu naye kwenye nyasi za kiwanja cha kata, siku fedha ikipatikana hatahitaji kubembelezwa kukuchukua mpaka kwa Mkapa.

Nawe mama usione kwamba kupumzika ni kuiba muda wa familia. Bwana Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake wajitenge wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Hali hiyo unaijua vizuri.

Mambo ya kukumbuka

1. Thibitisheni tarehe na saa ya mchezo wiki hiyo hiyo, kisha tena siku moja kabla.
2. Tiketi zikatwe mapema, na kila mtu awe na yake.
3. Fedha zigawanywe mahali pawili. Baba na mama wasibebe zote pamoja.
4. Viatu viwe vya kutembea, si vya kupendeza.
5. Dawa za mtu mwenye pumu, kisukari au presha ziwe mkononi mwake, wala zisiachwe kwenye begi mlikolala.
6. Jirani ajue mmekwenda wapi na mtarudi lini, naye aangalie kuku na mlango.
7. Kabla ya kutoka ombeni pamoja, na mkirudi shukuruni pamoja.

Jumatatu jioni, baada ya chakula, kila mmoja aeleze jambo moja aliloliona. Mwanzeni mdogo kuliko wote. Baba aseme wa mwisho, na safari hii atakapoulizwa kama timu ilishinda, wote mezani watakuwa na la kumjibu.